UZI: Neno la siri la Excel tunalijua, faili linakataa. John, hashcat, na je, ni lazima Linux?

Katindo_Compta (Goma)
Jambo ba ndugu. Kuna faili la Excel la ushirika wa kahawa, .xlsx, linaomba neno la siri wakati wa kufungua. Lilitengenezwa kwenye mashine ya Windows 7, Excel 2010, kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa). Mhasibu aliyelifunga bado yupo na anaapa kwamba neno ni makazi2019, herufi ndogo zote. Kwenye mashine mpya (Windows 11, kibodi ya QWERTY, ya Kiingereza) linakataa. Ile mashine ya zamani imekufa.

Idhini ya komite tunayo kwa maandishi, kwa hiyo tusipoteze muda kwenye hilo. Nimejaribu John the Ripper (programu ya kutafuta neno la siri kwa kujaribu maneno mengi) kwa Windows: inajibu "No password hashes loaded". Kwa flashi ya Kali (Linux ya wapimaji usalama) inakubali heshi (mstari unaotolewa kwenye faili ili maneno yajaribiwe juu yake), inapita rockyou yote (orodha ya maneno ya siri yaliyovuja), haipati kitu. Maoni yangu: John ni ya Linux, ile ya Windows ni ya kudanganyia watu. Swali: chombo gani kinafanya kazi kweli, na kwa mfumo endeshi upi?

Mbunge_wa_Teminali (Bukavu)
Hapo umemwonea John. Iko tangu 1996, ya Solar Designer wa Openwall, na ni kati ya programu zilizohamia mifumo mingi kuliko nyingine: Linux, BSD, macOS, Windows, hata DOS, BeOS na OpenVMS. Kilichokupata kina sababu tatu zinazowezekana, na hakuna hata moja inayosema Windows haiwezi:

Kwanza, kuna John ya msingi na kuna John "jumbo", yenye nyongeza nyingi. Ya msingi haijui Office kabisa. Ukiwa na ya msingi utapata ujumbe huohuo kwa mfumo wowote.

Pili, je, ulitoa heshi kwa PowerShell? Ile alama > kwenye Windows PowerShell 5.1 inaandika faili kwa UTF-16 na alama ya mwanzo. John inafungua, inaona takataka, inasema hakuna heshi. Rudia kwa cmd ya kawaida:

python office2john.py kahawa.xlsx > heshi.txt

Au ndani ya PowerShell: `python office2john.py kahawa.xlsx | Out-File -Encoding ascii heshi.txt`.

Tatu, ujumbe wenyewe usome vizuri. "No password hashes loaded" na "No password hashes left to crack" ni vitu viwili tofauti. Wa pili maana yake ilishapatikana zamani, iko ndani ya john.pot (faili la maneno yaliyokwisha kupatikana), unaiomba kwa `john --show heshi.txt`.

Kadutu_243 (Bukavu)
Naongeza kwa ya Windows: ifungulie ndani ya folda ya run, usihamishe john.exe peke yake kuipeleka kwenye Bureau. Ikikosa cygwin1.dll haiwaki. Na office2john.py inataka Python iwepo. pdf2john.pl na 7z2john.pl zinataka Perl, na ile ya 7z inataka pia moduli ya Compress::Raw::Lzma. Kwenye Kali vingi vya hivyo viko tayari, njo maana watu wanasema "Linux inafanya kazi, Windows haifanyi". Injini ni ileile, vifaa vya pembeni ndivyo vinakosekana.

Mutu_wa_Katuba (Lubumbashi)
Munapoteza wakati na John. Wekeni hashcat, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Windows, Linux, macOS, yote iko. Inatumia kadi ya michoro, John kwa Office juu ya prosesa itawazeesha. Tangu 2015 ni ya wazi, leseni ya MIT, hamulipi hata franka.

hashcat -m 9500 -a 0 heshi.txt orodha.txt

Namba ya hali (-m) 9500 ni Office 2010. 9400 ni 2007, 9600 ni 2013 na kuendelea. .xls za zamani za 97–2003 ni 9700 na 9800.

Katindo_Compta
Aksanti. @Mbunge, ilikuwa PowerShell kweli. Kwa cmd heshi imekubalika. @Mutu wa Katuba, hashcat inajibu "Token length exception".

Mutu_wa_Katuba
Office2john inaweka jina la faili mbele: kahawa.xlsx:$office$*... John inaipenda, hashcat haiipendi. Futa yote mpaka mstari uanze na $office$, au ongeza `--username`.

Himbi_Reseau (Goma)
Na mkiwa hapo, utazameni huo mstari kabla ya kukimbilia namba ya hali. Mwanzo wake unasema kila kitu. `$office$*2007*`, `$office$*2010*100000*128*16*`, au `$office$*2013*100000*256*16*`. Usifuate toleo la Excel ambalo mtu anakuambia, fuata linaloandikwa pale. 2007 inazungusha SHA-1 mara 50,000, 2010 mara 100,000, 2013 inazungusha SHA-512 mara 100,000. Hiyo ya mwisho ni nzito sana kwa kadi ndogo.

Ruashi_Bits (Lubumbashi)
Kabla ya kadi na heshi, je, kuna aliyeuliza kama ni ulinzi wa karatasi tu? Mara nyingi watu wanaita "limefungwa" faili linalofunguka lakini haliruhusu kuhariri. Hilo halina usimbaji wowote. Nakili faili, badilisha .xlsx kuwa .zip, ingia xl/worksheets, fungua sheet1.xml, futa kipande chote cha sheetProtection, rudisha. Dakika mbili, Windows au Linux ni sawa. Angalizo: kwenye Windows usizipue na kuzipu upya folda nzima kutoka nje, utaongeza ngazi moja ya folda na Excel itasema faili limeharibika. Ingia ndani kwa 7-Zip, hariri palepale.

Himbi_Reseau
Amesema linaomba wakati wa kufungua, yaya. Lile ukibadilisha kuwa .zip halifunguki, kwa sababu ndani yake si zip tena.

Ruashi_Bits
Sawa, nimepita mbio. Ibaki kwa wengine watakaosoma.

Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Nyote mnatafuta nguvu ya mashine, na neno mmeshapewa. Swali la kweli ni kwa nini neno linalojulikana linakataa. Mimi nasema kibodi.

Mashine nyingi hapa kwetu zinafika kutoka Ulaya au Dubai, plastiki ya AZERTY na Windows iliyowekwa QWERTY, au kinyume chake. Ukiandika barua unaona kosa na unalizoea. Kwenye kisanduku cha neno la siri unaona nukta tu. Excel inaomba neno mara mbili kwa uthibitisho, lakini vidole vinarudia kosa lilelile, kwa hiyo inakubali.

Chukueni makazi2019. Vidole vinafuata herufi zilizochapwa juu ya AZERTY, Windows inaamini ni QWERTY ya Marekani. M ya AZERTY iko kuume kwa L, pale ambapo QWERTY ina nukta-mkato. A inakuwa q. Z inakuwa w. Tarakimu za juu AZERTY zinaombwa kwa Shift, na Shift kwenye QWERTY inatoa alama. Jumla:

;qkqwi@)!(

Kama alitumia tarakimu za pembeni kuume: ;qkqwi2019

Na kama Windows ilikuwa AZERTY sawasawa lakini alisahau Shift: makaziéà&ç

Hizo tatu zijaribiwe kwa mkono kabla ya kuwasha hata programu moja. Andikeni kwanza kwenye Notepad muone kinachotoka, halafu mnakili na kubandika.

Kadutu_243
Mwalimu, AZERTY ipi? Ya Ubelgiji na ya Ufaransa hazifanani, na hapa tunazo zote mbili mezani. Bila Shift, 6 ni § kwa Ubelgiji na - kwa Ufaransa. 8 ni ! kwa Ubelgiji na _ kwa Ufaransa.

Mwalimu_Nguba
Kweli, lakini 2, 0, 1 na 9 zinafanana kwa zote mbili: é, à, &, ç. Angechagua 2018 tungekuwa na kesi nyingine.

Katindo_Compta
Nimejaribu zote tatu. Zimekataa.

Tshatshi_Petit (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Mimi natafuta Cain & Abel, naambiwa inafungua kila kitu. Nani ana kiungo?

Mbunge_wa_Teminali
Mdogo wangu, Cain ni ya Windows tu na haijaguswa tangu 2014, toleo la 4.9.56. Tovuti yake imefungwa. Unachopata leo ni nakala za watu usiowajua, na antivairasi itapiga kelele juu ya halali na ya haramu sawasawa, kwa hiyo hutajua ipi imewekewa mdudu. Zaidi ya hayo, Office ya kisasa haiijui. John chukua openwall.com, hashcat chukua hashcat.net, linganisha sahihi ya faili, basi.

Tshatshi_Petit
Na Ophcrack? Iko na Live CD.

Himbi_Reseau
Ophcrack ni meza zilizokokotolewa mapema, wazo la Philippe Oechslin, 2003. Iko kwa Windows, Linux na Mac. Kwa Windows XP ilikuwa hatari, kwa sababu heshi ya LM (ya zamani ya Windows) inageuza herufi zote kuwa kubwa na inakata neno vipande viwili vya herufi saba saba, bila chumvi (data ya nasibu inayochanganywa na neno). Meza ya megabaiti 380 ilitosha kwa herufi na tarakimu. Tangu Vista LM imezimwa kwa kawaida. Kwa Office meza hazina maana yoyote: kila faili lina chumvi yake ya nasibu, ungehitaji meza mpya kwa kila faili.

L0phtCrack nayo, kabla hujauliza: Windows, imefunguliwa chanzo mwaka 2021, ni kwa akaunti za Windows. chntpw haivunji kitu, inafuta neno la akaunti ya Windows na kuliacha tupu. Ukiifanyia mtu aliyesimba mafaili yake kwa EFS (usimbaji wa Windows yenyewe), umemzikia mafaili hayo.

Tshatshi_Petit
Na Hydra kwa akaunti za watu kwenye intaneti?

Mwalimu_Nguba
Hydra inagonga mlango wa seva iliyo hai, haina kazi na faili lililo mikononi mwako. Na seva ya mtu bila ruhusa yake ni kosa: soma Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ile amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Uzi huu ni wa faili la wenyewe. Turudi.

Mutu_wa_Katuba
Bado nashikilia hashcat, sasa kwa maski, yaani kiolezo kinachosema kila nafasi ijaribiwe herufi zipi. Mwalimu ametoa maneno matatu, mimi natoa yote ya ukoo ule kwa mstari mmoja. Kila herufi yenye mashaka unaipa kikundi chake:

hashcat -m 9500 -a 3 -1 "mM;:" -2 "aAqQ" -3 "zZwW" heshi.txt "?1?2k?2?3i2019"

4 × 4 × 4 × 4, ni 256 tu. Hata kompyuta ya babu inamaliza kabla chai haijapoa. Halafu ongeza `-4 "iI"`, na k nayo uifanyie vilevile kwa faili la maski.

Angalieni alama za nukuu, hapo mfumo endeshi unaingia kweli. Kwa cmd ya Windows nukuu moja ' haifungi kitu, tumia mbili ". Kwa bash ya Linux ni bora nukuu moja, kwa sababu ! ndani ya nukuu mbili inaitwa kama historia ya amri, na $ inageuzwa. Ukisahau nukuu kabisa, ; inakata amri katikati kwenye Linux na & inaikata kwenye Windows. Mtu anafikiri maski imekwisha bila jibu, kumbe nusu yake haikufika kwa hashcat.

Kadutu_243
Na ukitaka alama ya kuuliza yenyewe ndani ya maski unaandika ?? mara mbili.

Bel-Air_Drivers (Lubumbashi)
Kabla hajafika kwenye maski atagongana na "No devices found/left". Andika kwanza:

hashcat -I

Inaorodhesha vifaa. Windows: dreva ya kadi kutoka kwa mtengenezaji, ile Windows Update inayojiwekea yenyewe mara nyingi haina OpenCL (njia ya programu kutumia kadi kwa hesabu). NVIDIA inataka pia CUDA Toolkit, la sivyo inarudi OpenCL. Linux bila kadi: weka pocl-opencl-icd, prosesa itaonekana kama kifaa, halafu `-D 1`. Mac: Apple iliacha kuendeleza OpenCL 2018, hashcat ilipata Metal (njia ya Apple yenyewe) toleo la 6.2.6, kwa hiyo usichukue la zamani zaidi ya hapo.

Na tafadhali, musiweke hashcat ndani ya Kali iliyo ndani ya VirtualBox halafu mulalamike. Mashine pepe haioni kadi halisi. Mukiwa na Windows yenye kadi nzuri, endesheni hashcat.exe moja kwa moja juu ya Windows. Hapo Linux haiwaongezei kitu.

Kwa Windows pia: ingia kwa cd ndani ya folda ya hashcat kwanza. Ukiiita kutoka nje inalalamika haioni folda ya ./OpenCL/. Na jina la mtumiaji lenye aksenti, C:\Users\Hélène kwa mfano, linaleta makosa ya ajabu. Weka kila kitu C:\hc na umalize maneno. Mashine ya biti 32 isahau, hashcat ya sasa ni 64 tu.

Mama_Secretariat (Goma)
Samahani wataalamu. Sisi wa maandishi tunajua kitu kimoja: laptopu ndogo za zamani zisizo na tarakimu za pembeni zina Num Lock iliyojificha. Ikiwashwa, nusu ya kuume ya kibodi inatoa tarakimu. U ni 4, I ni 5, O ni 6, J ni 1, K ni 2, L ni 3. Makazi inakuwa ma2az5, na hata M ya AZERTY inaweza kutoa alama nyingine kwa sababu iko pale kuume. Kwa ile mashine iliyokufa, ilikuwa aina gani?

Katindo_Compta
Shikamoo mama. Laptopu ndogo ya inchi 12. Bila tarakimu za pembeni.

Mama_Secretariat
Basi ongezeni 2 kwenye nafasi ya k na 5 kwenye nafasi ya i. Kwenye ya M wekeni + na - na *, inategemea mtengenezaji.

Mutu_wa_Katuba
Heshima, mama. Kwa hiyo nafasi sita zote zina mashaka, tunatumia faili la maski. Kila mstari wa faili la .hcmask unajitengenezea vikundi vyake, vinatengwa kwa mkato:

mM;:+-*,aAqQ,kK2,zZwW,?1?2?3?2?4i2019
mM;:+-*,aAqQ,kK2,zZwW,?1?2?3?2?4I2019
mM;:+-*,aAqQ,kK2,zZwW,?1?2?3?2?452019

Kila mstari 7 × 4 × 3 × 4 × 4, ni 1,344. Jumla 4,032.

Mwalimu_Nguba
Inamaliza herufi, haigusi tarakimu. Mistari hiyo izidishwe kwa mwisho @)!( na mwisho éà&ç.

Himbi_Reseau
Hapo kwenye éà&ç ndipo mtakapozama. é kwa UTF-8 ni baiti mbili, C3 A9. Kwa Windows ya magharibi ni baiti moja, E9. Office yenyewe inageuza neno kuwa UTF-16 kabla ya kulisaga. Ukiwa na orodha iliyohifadhiwa na Notepad ya Windows 7, hiyo ni ANSI, yaani E9. Notepad ya Windows 10 tangu toleo la 1903 inahifadhi UTF-8. John ikisoma ANSI ikidhani ni UTF-8 inajaribu kitu kingine kabisa. Kwa John: `--input-encoding=cp1252` kama orodha ni ya zamani. Kwa hashcat: `--encoding-from` na `--encoding-to`. Na kwenye maski, é si herufi moja, ni baiti mbili, ?1 moja haiibebi. Ni heri kuandika orodha ya maneno mazima kuliko maski pale penye aksenti.

Kwa hiyo "imekataa" ya John juu ya neno lenye aksenti mimi siiamini mpaka nione orodha ilihifadhiwaje. Jaribu kwanza na faili la mtihani: tengeneza .xlsx mpya, ifunge kwa makaziéà&ç, itoe heshi, uone kama chombo chako kinaipata kwa orodha hiyohiyo. Isipoipata, kosa ni lako.

Kadutu_243
Hilo la faili la mtihani lingewekwa juu kabisa ya uzi.

Nyawera_Zip (Bukavu)
Nachomekea kidogo kwa wanaopita na ZIP, kwa sababu wanaulizaga hapahapa. ZIP za kawaida za usimbaji wa zamani zina udhaifu ulioonyeshwa na Biham na Kocher 1994: ukiwa na baiti 12 za yaliyomo unazozijua, angalau 8 zikifuatana, huhitaji neno lenyewe. bkcrack inafanya hivyo kwa Windows, Linux na Mac. ZIP ya AES haiingii humo, hiyo ni -m 13600. RAR5 ni 13000, 7z ni 11600, na 7z inazungusha SHA-256 mara 524,288, kwa hiyo usitarajie mwendo.

Mbunge_wa_Teminali
Na kwa anayesema "Linux au Windows ni sawa", hapa kuna palipo tofauti kweli: maneno ya akaunti za Linux mpya. Debian 11, Ubuntu 22.04, Kali, zinatumia heshi ya yescrypt, mstari unaanza na $y$. Ni ya Solar Designer yuleyule. John inaisoma kwa `--format=crypt`, ambayo inaazima maktaba ya mfumo wenyewe. Ukiwa juu ya Linux yenye maktaba hiyo, libxcrypt, inakwenda, polepole lakini inakwenda. John ileile juu ya Windows inaweza kukosa pa kuazima.

Mutu_wa_Katuba
Umetafuta mpaka umepata moja.

Mbunge_wa_Teminali
Moja inatosha kesi.

Katindo_Compta
Nimerudi. Mambo mawili. Kwanza, nimetazama mstari kama @Himbi alivyosema. Si 2010. Unaanza na $office$*2013*100000*256. Pili, maski za herufi nimeendesha kwa -m 9600, pamoja na nyongeza ya mama na mwisho wa @)!(. Hakuna.

Himbi_Reseau
Basi Excel 2010 si ya mwisho kulihifadhi faili. Mtu alilifungua kwa Excel mpya zaidi, kwenye mashine nyingine, akahifadhi kwa neno. Mazungumzo yote ya laptopu ya inchi 12 yanaweza kuwa ya faili lililokufa. Muulizeni mhasibu nani alilipokea baada yake.

Mwalimu_Nguba
Au mhasibu mwenyewe, kwenye mashine nyingine, kwa kibodi nyingine. Haibatilishi kibodi.

Ruashi_Bits
Au simu. Simu inaweka herufi kubwa mwanzoni bila kuombwa na inaongeza nafasi tupu baada ya neno ikijikamilishia. Jaribuni Makazi2019 yenye nafasi mwishoni, na Makazi 2019 yenye nafasi katikati. Kwenye orodha ya maneno nafasi ya mwisho haionekani, hakikisheni mhariri wenu haiifuti.

Bel-Air_Drivers
Au ni kikomo. Excel ilikuwa inakata neno kwa herufi 15.

Kadutu_243
Hiyo ni .xls ya zamani, na makazi2019 ina herufi 10. Haituhusu.

Mama_Secretariat
Aliyelipokea baada yake kama ni kijana, ameweka namba ya simu. Wote wanaweka namba ya simu.

Mutu_wa_Katuba
Mama ana haki, na rockyou haitasaidia hapo. Ni maneno milioni 14 yaliyovuja 2009 kutoka tovuti moja ya Marekani, simu zetu na Kiswahili cha maana ni nadra humo. Namba zetu ni tarakimu kumi, 08 au 09 mbele:

hashcat -m 9600 -a 3 -1 89 heshi.txt "0?1?d?d?d?d?d?d?d?d" --session simu

Ni milioni 200. Kadi ikitoa majaribio 8,000 kwa sekunde, ni saa saba hivi. Prosesa ikitoa 100, ni siku 23. Kwa hiyo tafuteni namba za wanakomite kwanza, orodha ya namba ishirini inaisha mara moja. Na msifikirie kujaribu herufi ndogo nane zote: 26 kwa nane ni 208,827,064,576, kwa mwendo uleule ni zaidi ya siku 300.

Ruashi_Bits
Wengine wanaandika +243 badala ya sifuri. Maski ya pili: "+243?1?d?d?d?d?d?d?d?d". Hesabu ni ileile.

Bel-Air_Drivers
Saa saba za umeme mfululizo, munazipata wapi? Njo maana ya `--session`. Ukikatika, unarudi na `hashcat --session simu --restore`, inaendelea ilipofika. Ukitaka kuzima kwa heshima bonyeza c, itasimama kwenye kituo kinachofuata. Kwa John ni `--session=simu` na `--restore=simu`.

Lakini @Katindo, umesema unatumia flashi ya Kali. Kama uliiwasha Live bila hifadhi ya kudumu, folda yako yote ni RAM. Umeme ukienda, faili la kurudia linaenda nalo, na john.pot pia. Inaweza hata kuwa neno lilishapatikana usiku na likapotea. Chagua mstari wenye "USB persistence" kwenye menyu ya kuwashia, na sehemu yenye jina persistence iwe imetengenezwa kwanza kwenye flashi, au elekeza `--restore-file-path` na `--potfile-path` kwenye diski halisi.

Katindo_Compta
Ilikuwa Live ya kawaida. Na umeme ulikatika mara moja.

Kadutu_243
Ayi. Basi hata "rockyou yote haikupata kitu" hatuijui tena.

Katindo_Compta
Mwisho wa rockyou niliuona kwa macho, ilikuwa asubuhi baada ya kuiwasha upya.

Himbi_Reseau
Na ilianza tena toka juu, au uliipa `--restore` ambayo haikuwepo? Na rockyou kwenye Kali inakuja imebanwa, rockyou.txt.gz. Uliifungua kwa gunzip? Ukiipa John ile ya .gz moja kwa moja inasoma baiti zilizobanwa kama maneno, inamaliza haraka ajabu.

Katindo_Compta
Ilimaliza haraka.

Mbunge_wa_Teminali
Haraka ya dakika au ya saa? Kwa Office 2013 juu ya prosesa, milioni 14 haziishi asubuhi moja.

Mutu_wa_Katuba
Kwa 100 kwa sekunde ni zaidi ya siku moja na nusu. Kwa hiyo rockyou haijawahi kupitwa. Turudi sifuri.

Mwalimu_Nguba
Sifuri ya rockyou tu. Ya kibodi ilijaribiwa kwa mkono ndani ya Excel, haikupita kwa John.

Himbi_Reseau
Ndani ya Excel ya QWERTY, é aliiandikaje?

Katindo_Compta
Nilinakili kutoka huu uzi kwenye simu, nikajitumia kwa barua pepe.

Himbi_Reseau
Tazama kama hakuna nafasi iliyofuata nyuma. Halafu tengeneza lile faili la mtihani, mimi niko hapa mpaka saa mbili usiku.

Bel-Air_Drivers
Na ukiacha kadi ikimbie usiku, toa vumbi la feni kwanza, lile la Goma ni jivu la volkano, linashika. hashcat inajizima yenyewe kadi ikifika nyuzi 90. Ukikuta asubuhi imesimama bila jibu, soma mstari wa mwisho: ikiandika "Aborted" na si "Exhausted", haijamaliza.